Diski Inapokataa Kufunguka: Hatua za Kufuata Kabla Hujafomati

Mama mmoja anayeweka hesabu za kikundi cha wakaushaji wa dagaa pale Kibirizi alifika kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Mwanga, Kigoma, akiwa na diski ya nje aliyoiviringisha ndani ya kitenge. Alikuwa ameichomeka kwenye laptopu ya mpwa wake, nayo laptopu ikamjibu kwamba diski hiyo lazima ifomatiwe kabla haijatumika, na chini ya maneno hayo pakawa na kitufe kinachosubiri kubofywa. Kijana alikuwa tayari kubofya. Mama akamshika mkono, akachomoa waya na kuja nayo kwangu. "Mwanangu," aliniambia, "humu ndani mna madeni ya watu."

Mkono ule ulioshikwa ndio uliookoa hesabu za kikundi kizima. Ujumbe wa namna hiyo hausemi kwamba faili zimepotea; unasema tu kwamba kompyuta imejaribu kusoma mwanzo wa diski na haikuelewa ilichokikuta. Kufomati ni kuandika mfumo mpya wa faili juu ya ule wa zamani. Fomati ya haraka huweka jedwali tupu mahali palipokuwa na orodha ya majina ya faili na mahali zilipo, na fomati kamili, katika matoleo ya Windows kuanzia Vista, hujaza sufuri diski nzima, kiasi kwamba hakuna fundi atakayekurudishia kitu baada ya hapo. Kwa hiyo sharti la kwanza la mwongozo huu, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba usiandike chochote kwenye diski iliyogoma mpaka uwe umejua ni nini hasa kilichoharibika.

Ngazi nne

Ili faili ifunguke, mambo manne hufuatana. Kwanza kifaa chenyewe lazima kipate umeme na kuwasiliana na kompyuta. Pili, kompyuta husoma jedwali la patisheni, yaani orodha fupi inayoeleza diski imegawanywa vipi na kila sehemu inaanzia wapi. Tatu, ndani ya kila patisheni husomwa mfumo wa faili, kama vile NTFS, exFAT, FAT32 au ext4. Mwisho, mfumo endeshi huipachika sehemu hiyo, maana yake huipa herufi kama E: kwenye Windows au huiweka kwenye folda fulani kwenye Linux, ili mtumiaji aingie na kutoka. Diski "isiyofunguka" ni diski iliyokwama katika mojawapo ya ngazi hizo, na dawa ya ngazi moja inaweza kuwa sumu kwa ngazi nyingine. Amri ya kukarabati mfumo wa faili, kwa mfano, inafaa sana pale ambapo diski ni nzima na umeme ulikatika katikati ya kazi, lakini amri hiyo hiyo ikipigwa kwenye diski ambayo uso wake unakufa huimalizia nguvu iliyobaki. Ndiyo maana tunapanda kutoka chini, ngazi moja baada ya nyingine, hata pale ambapo mteja amesimama mlangoni na boti yake inaondoka.

Waya na umeme

Sehemu hii inadharauliwa mno, ilhali ndiyo inayotatua kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Diski ya nje ya inchi 2.5 haina chanzo chake cha umeme. Hunyonya volti 5 kutoka kwenye tundu la USB. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa hadi miliampea 500, na la USB 3.0 hadi 900, na diski inapoanza kuzunguka ndipo inapohitaji mkondo mkubwa zaidi. Waya mrefu na mwembamba, tundu lililolegea, au kigawanyio cha USB kilichobeba vifaa vinne bila umeme wake, vyote huifanya diski iwake taa, ianze kuzunguka, izimike na kuanza tena. Mtumiaji huona taa akaamini kwamba umeme upo wa kutosha.

Badilisha waya kwa mfupi mwingine unaojua ni mzima. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani, tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mkuu wenyewe badala ya yale ya mbele. Jaribu kompyuta ya pili. Huku kwetu, ambako shughuli nyingi huendeshwa kwa jenereta au sola umeme unapokatika, ni vizuri pia laptopu iwe na chaji ya kutosha na uendeshe ukaguzi wako kwa betri, kwa kuwa umeme unaopanda na kushuka unaweza kuidondosha diski katikati ya kusoma.

Diski ya yule mama iliishia hapa. Waya wake ulikuwa umekunjwa karibu na kichwa mpaka ganda likapasuka, na nilipoweka mwingine wenye urefu wa kiganja, diski ilifunguka na daftari la madeni likaonekana. Laiti kitufe kile kingebofywa, na diski ikapata umeme kwa dakika moja tu ya bahati mbaya, fomati ingepita.

Je, kompyuta inaiona?

Kama waya si tatizo, uliza kompyuta inaona nini. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc kisha bonyeza Enter. Orodha ya diski itatokea, kila moja ikiwa na mstari wake na patisheni zake. Kwenye Linux, fungua dirisha la amri, na kabla hujachomeka diski andika:

sudo dmesg -w

Sasa chomeka diski, ukitazama mistari inayoongezeka. Amri hii ndiyo stethoskopu ya kazi hii, na napendekeza fundi yeyote, hata anayehudumia Windows pekee, awe na fleshi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Linux hueleza kwa mistari wazi kile inachokutana nacho, na haina tabia ya kukuharakisha ufomati. Mistari ikitokea ikitaja jina kama sdb na ukubwa sahihi wa diski, ngazi ya kwanza iko salama, angalau kwa sasa. Kifaa kikiunganishwa na kukatika, kikiunganishwa na kukatika, rudi kwenye waya na umeme. Diski ikitokea ikiwa na ukubwa wa sufuri, kidhibiti kilicho kwenye ubao wake ni kizima lakini hakiwezi kuufikia uso unaohifadhi data. Yakitokea maneno I/O error, yaani kosa la kusoma au kuandika, yakiambatana na namba za sekta (vile vipande vidogo ambavyo uso wa diski umegawanywa), acha kila kitu na uruke hadi sehemu ya kupima afya hapa chini.

Baada ya hapo andika:

lsblk -f

Utaona kila diski, patisheni zake, aina ya mfumo wa faili, lebo, na ule utambulisho mrefu uitwao UUID. Diski ikionekana bila patisheni yoyote chini yake, shaka yako iwe kwenye jedwali la patisheni. Patisheni ikionekana lakini safu ya aina ya mfumo ikiwa tupu, shaka ihamie kwenye mfumo wa faili wenyewe. Kwenye Windows, hali hii ya pili huandikwa RAW.

Soma jina la diski mara mbili kabla ya kuandika amri yoyote inayofuata. Andika jina hilo kwenye karatasi. Sdb ya leo inaweza kuwa sdc kesho ukichomeka vifaa kwa mpangilio tofauti, na amri ya uokoaji iliyoelekezwa kwenye diski isiyo yake hugeuka kuwa amri ya uharibifu.

Diski nzima isiyofunguka

Kuna diski ambazo hazina ugonjwa wowote, ila kompyuta iliyo mbele yako ndiyo isiyoweza kuzifungua. Kwenye Windows, patisheni inaweza kukosa herufi tu. Kwenye lile dirisha la diskmgmt.msc bofya kulia juu ya patisheni na uipe herufi. Diski iliyotumika kwenye kompyuta za Apple huwa na mfumo wa HFS+ au APFS, na Windows isiyo na programu ya ziada itakuomba uifomati, ingawa picha zote zimo. Patisheni iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data, inahitaji nenosiri au ule ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, na bila kimojawapo hakuna ujanja wa kuingia. Kwenye Linux, mfumo wa exFAT uliingizwa kwenye kiini chake mwaka 2019, katika toleo la 5.4, kwa hiyo mashine ya zamani zaidi itahitaji kifurushi cha exfat-fuse.

Kesi moja hujirudia kwa wale wenye Windows na Linux kwenye kompyuta moja. Kuanzia Windows 8, kuzima kompyuta kwa kawaida si kuzima kamili. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili iwake haraka, na patisheni za NTFS huachwa zikiwa zimeshikiliwa. Linux, kwa tahadhari iliyo sahihi kabisa, hukataa kuzipachika au huzipachika kwa kusoma tu. Usilazimishe. Rudi Windows, fungua dirisha la amri, andika shutdown /s /t 0, na mashine itazima kikamilifu. Ukitaka kuondoa tatizo moja kwa moja, fungua dirisha hilo kama msimamizi na uandike powercfg /h off.

Kompyuta za Linux zina tatizo jingine, hasa zile zinazotumika kama seva ndogo maofisini. Diski inayopaswa kupachikwa kila mashine inapowaka huandikwa ndani ya faili la /etc/fstab, kwa kawaida kwa UUID yake. Diski ikifomatiwa upya UUID hubadilika, na mashine hungoja sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura, mtumiaji akidhani kompyuta nzima imekufa. Linganisha kilichoandikwa humo na kile kinachoonyeshwa na sudo blkid, rekebisha, na kwa diski ambayo si ya lazima kwa mashine kuwaka ongeza neno nofail kwenye mstari wake.

Kusikiliza na kupima afya

Diski inayozunguka iweke sikioni. Diski nzima hutoa mvumo mwembamba usiobadilika na mikwaruzo hafifu inaposoma. Mlio wa tak, tak, tak unaojirudia kwa mwendo mmoja, kisha ukimya, maana yake ni kwamba vichwa vya kusomea vinashindwa kupata mahali pake na vinarudishwa mwanzo. Zima umeme hapo hapo. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati sahani zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kilichopinda kinaweza kuukwangua uso ambao ndiyo data yenyewe. Kuna ushauri unaozunguka mitaani wa kuiweka diski kwenye friza au kuigonga kidogo mezani. Usiufuate. Katika mji wa kando ya ziwa kama huu, hewa ina unyevu, na diski iliyotolewa kwenye baridi hufanya umande ndani na nje. Wala usilifungue kasha lake la chuma ili "uangalie tu". Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni mwamba mbele ya kichwa kinachoelea nanomita chache.

Kama hakuna mlio wa ajabu, soma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe hujiwekea:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Kwa diski za nje huenda ukahitaji kuongeza -d sat kabla ya jina la diski. Usiridhike na neno PASSED lililo juu, kwa sababu diski nyingi hufa zikiwa zimeandikwa hivyo. Tazama mstari wenye namba 5, unaohesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa. Wa 197, unaohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Na wa 198, sekta zilizoshindikana kabisa. Ukikuta namba zaidi ya sufuri kwenye 197 au 198, ichukulie diski kama mgonjwa mahututi. Mstari wa 199 ni tofauti: unahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na kwa kawaida unaelekeza kwenye waya. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata baada ya waya kubadilishwa, kwa hiyo kinachotazamwa ni kama bado inapanda.

Nakili diski nzima kwanza

Hapa sina budi kueleza kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii, mpiga picha mmoja wa Ujiji aliniletea diski yenye harusi za karibu msimu mzima. Windows iliandika kwamba mfumo wa faili una kasoro, nami bila kupima afya nikapiga chkdsk E: /r, amri inayopitia kila sekta ikitafuta mbovu na kuandika marekebisho papo hapo. Iliendelea vizuri hadi jioni, kisha ikasimama, kisha diski ikaanza mlio ule wa tak, tak. Tulitoa picha chache sana. Harusi haziwezi kupigwa picha mara ya pili, na tangu siku hiyo sijawahi kukarabati mfumo wa faili kwenye diski ya mteja ambayo sijainakili kwanza.

Kunakili huku si kule kwa kuburuta folda. Tunanakili diski sekta kwa sekta, pamoja na patisheni zake na hata nafasi zinazoonekana tupu, na kupata faili moja kubwa ambalo tunaliita taswira. Chombo cha kazi hii ni GNU ddrescue, ambacho husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha zile ngumu kwa baadaye, ili diski ikifa katikati uwe umekwisha kuokoa sehemu kubwa. Andaa diski nyingine yenye nafasi zaidi ya ukubwa wote wa diski mgonjwa. Isiwe na mfumo wa FAT32, kwa sababu huo haukubali faili moja kufika gigabaiti 4. Ingia kwenye folda iliyo ndani ya diski hiyo ya kupokea, kisha andika:

sudo ddrescue -n /dev/sdb taswira.img ramani.map

Faili la ramani ni la lazima. Ndani yake ddrescue huandika ni sekta zipi zimesomwa na zipi bado, kiasi kwamba umeme ukikatika saa nane za usiku unaanza asubuhi kwa amri ile ile na kazi inaendelea pale ilipoishia. Mzunguko wa kwanza ukimalizika, rudia kwa kuvisumbua vipande vilivyobaki mara tatu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb taswira.img ramani.map

Kwenye skrini utaona kiasi kilichookolewa, kasi, na idadi ya maeneo mabaya. Kasi ikishuka ghafla kutoka makumi ya megabaiti kwa sekunde hadi kilobaiti chache, usiingiwe na hofu wala usichomoe. Ddrescue imefika mahali pabaya na itaruka yenyewe. Ishike diski kwa mkono. Ikiwa moto wa kukuchoma, sitisha kwa Ctrl na C, iache ipoe, elekeza feni, kisha endelea.

Taswira ikipatikana, diski ya asili ifungiwe kabatini. Kazi yote inayofuata hufanyika kwenye taswira, na kama nafasi inaruhusu, kwenye nakala ya taswira:

sudo losetup -fP --show -r taswira.img

Amri hiyo huifanya taswira ionekane kama diski ya kawaida, isiyoandikika, na hukurudishia jina lake, mathalani /dev/loop0, na patisheni ya kwanza ikiwa /dev/loop0p1. Jaribu kuipachika kwa kusoma tu. Kama ni ext4, andika:

sudo mount -o ro,noload /dev/loop0p1 /mnt

Neno noload huizuia ext4 kutekeleza yaliyobaki kwenye daftari lake la mabadiliko, jambo ambalo lingehitaji kuandika. Mara nyingi safari huishia hapa. Folda hufunguka, unanakili faili za mteja, na hakuna kilichohitaji kutengenezwa.

Jedwali la patisheni likiwa limepotea

Jedwali la mtindo wa zamani, MBR, lina nafasi ya patisheni kuu nne tu na limeandikwa mahali pamoja, mwanzoni kabisa mwa diski. Likifutika, halina pacha. Mtindo mpya, GPT, huweka nakala ya pili mwishoni mwa diski. Kwa GPT iliyoharibika mwanzoni, programu ya gdisk ina menyu ya uokoaji inayofunguliwa kwa herufi r, ambamo b hutumia kichwa cha akiba na c hupakia jedwali la akiba. Hakuna kinachoandikwa mpaka uthibitishe kwa w, kwa hiyo soma kwanza kwa p uone kama patisheni zinazoonekana zinalingana na kile mteja anachokumbuka.

Kwa MBR, au pale ambapo nakala zote mbili za GPT zimeharibika, tumia TestDisk. Programu hii hupitia diski ikitafuta alama za mwanzo wa mifumo ya faili na kulijenga jedwali upya kutokana na ilichokikuta. Ikikuonyesha patisheni, simama juu yake na ubonyeze p ili uone orodha ya faili zilizomo. Majina ya folda yakiwa ni yale ya mteja, umefika. Unaweza kunakili faili kutoka humo humo bila kuandika jedwali, na hiyo ndiyo njia ninayoipendelea. Ikibidi kuandika jedwali, andika kwenye nakala ya taswira iliyofunguliwa bila ile -r.

Mfumo wa faili

Tukifika hapa tunajua kwamba kifaa kinasomeka, patisheni ipo mahali pake, na bado kupachika kunagoma. Kwa ext4, anza kwa kuuliza bila kugusa:

sudo e2fsck -n /dev/loop0p1

Majibu yakionyesha makosa machache ya hesabu za bloku (makundi ya sekta ambamo faili huwekwa) na maingizo yaliyoachwa njiani, hiyo ni sura ya kawaida ya umeme uliokatika. Fungua nakala ya taswira kwa kuandikika kisha upige e2fsck -f juu ya patisheni yake. Usipige kamwe amri hii kwenye patisheni ambayo tayari imepachikwa.

Kama jibu linataja bad superblock, bloku kuu, ambayo ndiyo inayobeba ukubwa na mpangilio wa mfumo mzima, imeharibika. Ext4 huweka nakala za bloku hiyo mahali kadhaa. Kwenye mfumo wenye bloku za baiti 4,096, ambao ndio wa kawaida kwa diski za leo, nakala ya kwanza huwa kwenye bloku ya 32768, na nyingine kwenye 98304, 163840 na 229376. Unaitumia hivi, ukiwa bado kwenye nakala:

sudo e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/loop0p1

Ikigoma jaribu namba inayofuata. Kuna maelekezo mengi yanayoshauri kutafuta namba hizo kwa mke2fs -n. Ni kweli hutoa jibu, lakini mke2fs ni amri ya kufomati, na kinachoizuia isifomati ni herufi moja tu, n. Mimi siiandiki kwenye mashine yenye diski ya mteja.

Kwa NTFS, nakala ya sekta ya kuwashia huwekwa kwenye sekta ya mwisho ya patisheni, na TestDisk inaweza kuirudisha. Ikisharudi, chkdsk kwa alama ya /f inatosha mara nyingi, ikipigwa juu ya nakala iliyorejeshwa kwenye diski nyingine iliyo nzima. Patisheni ikiwa bado inaandikwa RAW, chkdsk itakataa kufanya kazi. Amri ya ntfsfix ya Linux isidhaniwe kuwa mbadala wa chkdsk: hurekebisha kasoro chache, huweka upya daftari la mabadiliko na kuiachia Windows kazi iliyobaki. Mifumo ya FAT32 na exFAT haina daftari hilo kabisa, na ndiyo maana fleshi zinazochomolewa kabla ya kuondolewa kwa utaratibu huharibika mara kwa mara. Dawa zake ni fsck.vfat na fsck.exfat, kwenye nakala pia.

Mfumo ukiwa umeharibika kupita kutengenezwa, PhotoRec, mwenzake TestDisk, hutafuta faili kwa kutambua mwanzo wa picha, hati na video bila kujali mfumo. Hutoa vingi, lakini majina na folda hupotea, na mwenye mali lazima aambiwe mapema kwamba atakaa siku kadhaa akipanga.

Fleshi za uongo

Fleshi inayouzwa kuwa na terabaiti moja kwa bei ya sahani chache za wali mara nyingi ina gigabaiti chache tu, na kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya ukubwa. Ukiijaza kupita uwezo wake halisi, data mpya hupotea au huandikwa juu ya ile ya zamani, ikiwemo orodha ya faili, na fleshi huacha kufunguka. Kilichofutwa hivyo hakirudi. Kabla ya kuiamini fleshi mpya, ijaze kwa f3write kisha isome kwa f3read, nazo zitakuambia ni kiasi gani kilihifadhiwa kweli.

Unapofika mwisho wa uwezo wako

Diski yenye mlio, isiyotambulika kabisa kwa waya mzima, au iliyoanguka ikiwa inazunguka, inahitaji chumba kisicho na vumbi na vichwa vya akiba, vitu ambavyo kibanda cha ufundi hakina. Mwambie mteja ukweli huo mapema, kabla hujaiongezea majeraha, na kabla hajalipa. Usilitupe kasha la nje pia, kwa sababu baadhi ya makasha husimba data kwa chipu iliyo kwenye ubao wake, na diski iliyotolewa humo ikichomekwa moja kwa moja haionyeshi chochote kinachoeleweka.

Kama itasafirishwa kwenda Dar es Salaam, kumbuka kwamba reli kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na barabara nayo ina matuta yake. Itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli kama unao, izungushie sponji la unene wa vidole vitatu kila upande, iweke kwenye boksi gumu isiyoweza kuchezacheza ndani yake, kisha aibebe mtu mikononi badala ya kuiacha kwenye buti pamoja na madumu ya mawese.

Kwa diski uliyofanikiwa kuiokoa, weka faili kwenye diski mbili tofauti, kisha mwite mwenye mali aketi mbele ya kompyuta afungue yeye mwenyewe faili anazozijua: hati ya mwaka huu, picha ya zamani, video ndefu aichezeshe hadi mwisho. Jina la faili kuonekana kwenye orodha hakuhakikishi kwamba yaliyomo ni mazima. Taswira ibaki kwako mpaka akuambie kwamba amekagua na hakuna kilichokosekana, ndipo uifute mbele yake.